Ya moto au ya baridi? Jinsi ya kuonja bia na kuipa alama ukiwa Mwanza

Kaa baa yoyote ya Mwanza, iwe Kirumba, Igoma au Nyegezi, swali la kwanza la mhudumu ni hilo hilo: "Ya moto au ya baridi, kaka?" Ya moto ni ile iliyokaa kwenye kreti, haijapita kwenye friji. Wengi wetu hujibu "baridi, ile ya chini kabisa", tukaletewa chupa iliyoganda shingoni, tukaishusha nusu kwa mkupuo mmoja kwa sababu ya jua. Wazee wengi hutaka ya moto, nasi tunawashangaa. Mzee mmoja jirani yangu, mstaafu wa kazi za melini, nilimuuliza kwa nini anakunywa hivyo, akaniambia kwamba baridi ikizidi mtu anakunywa baridi, hanywi bia.

Ilinichukua muda kukubali, lakini mzee alikuwa karibu na ukweli kuliko sisi. Ulimi uliokufa ganzi hauonji, na bia iliyoganda haitoi harufu. Tunalipia kimea, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) na kazi ya fundi, halafu tunameza ubaridi na gesi. Nimeandika mwongozo huu kwa watu wanne hadi sita wanaotaka kukaa jioni moja, waonje bia chache kwa makini, hasa zile za viwanda vidogo ambazo watu wameanza kuziita bia za krafti, kisha wazipe alama ambazo hata wiki ijayo zitakuwa na maana.

Hii ni shughuli ya watu waliotimiza miaka 18. Mjamzito, anayetumia dawa na anayeendesha chombo wabaki na kazi ya kumimina na kuandika, ambayo kama utakavyoona ni kazi muhimu kuliko zote.

Hatua ya 1: Chagua bia tano, basi

Kiwanda kikubwa sifa yake ni kupika bia isiyobadilika: ya Januari iwe sawa na ya Desemba. Huo ni ustadi mkubwa, tusiubeze, na Mwanza tunaufahamu kwa sababu kampuni kubwa za bia, TBL (Tanzania Breweries) na Serengeti, wote wana viwanda hapa hapa jijini. Kiwanda kidogo kinakwenda njia nyingine. Fundi anapika mapipa machache, anabadilisha kimea au hopsi, na pishi la mwezi huu huenda lisifanane na la mwezi ujao. Usipoandika ulichoonja, baada ya siku tatu hukumbuki ipi ilikuwa ipi.

Mpango ninaoupenda ni huu. Anza na laga moja ambayo kila mtu mezani anaijua, kwa mfano Kilimanjaro yenye kileo cha asilimia 4.5, au Balimi, ambayo hata jina lake linasema kwa Kisukuma kwamba ni ya wakulima. Hiyo ndiyo kigezo chenu. Kisha bia ya ngano, kisha eli yenye rangi ya shaba, kisha IPA (India Pale Ale), eli yenye hopsi nyingi, na mwisho stauti nyeusi. Kama stauti ya kiwanda kidogo haipatikani, Castle Milk Stout yenye asilimia 6 inafaa kabisa kukaa mwishoni mwa mstari.

Tofauti ya laga na eli iko kwenye hamira. Hamira ya laga hufanya kazi polepole kwenye ubaridi wa nyuzi 8 hadi 13 hivi, ndiyo maana bia yake huwa safi na tulivu. Ya eli hupenda joto, nyuzi 18 hadi 22, na ikichacha huacha harufu za matunda na viungo. Ukiielewa tofauti hii hutamlaumu fundi wa eli kwa kuwa bia yake inanukia ndizi.

Kwa kiasi, chupa moja ya mililita 500 kwa watu watano ni mililita 100 kwa kila mtu. Mkionja bia tano, kila mmoja atakuwa amekunywa sawa na chupa moja tu jioni nzima. Zaidi ya hapo pua inachoka, mdomo unaanza kusifia kila kitu, na alama za mwisho hazina thamani.

Hatua ya 2: Zitunze tangu zinapofika

Bia nyingi za viwanda vidogo zinatufikia kutoka mbali. Toka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100, na chupa inayosafiri kwenye buti la basi inatikiswa na kupikwa na joto njia nzima. Nyingi hazikupashwa moto kuua vijidudu wala kuchujwa, kwa hiyo hamira bado imo ndani, hai. Zikifika, zisimamishe wima kwenye friji siku mbili ili tope la hamira litulie chini. Soma tarehe. Bia ya hopsi nyingi ni kama mboga za majani, miezi inavyopita harufu inakufa. Stauti nzito ina uvumilivu zaidi.

Jua ndiyo adui mkubwa, na hapa nina kidonda changu. Niliwahi kununua bia za chupa za kijani kwenye duka moja ambalo kreti zilikuwa zimepangwa barazani, jua la saa nane likizipiga usoni. Nilizipeleka nyumbani, nikazipoza vizuri, nikawakaribisha watu. Tulipofungua, meza nzima ilirudi nyuma. Ilinuka kicheche. Si kwa mfano tu: mwanga wa jua ukigusa uchungu wa hopsi, unatengeneza kitu cha jamii ya salfa chenye harufu ile ile ya mnyama aliyeudhiwa, na kwenye jua kali dakika chache zinatosha. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani na ile nyeupe hazizuii kitu cha maana. Tangu siku hiyo sinunui bia iliyoanikwa, hata kwa bei ya kutupa, na muuzaji nikimkuta namweleza kwa upole azisogeze ndani.

Hatua ya 3: Glasi, na suala la samaki

Plastiki haifai, inanuka yenyewe. Tafuta glasi za kioo zinazofanana, zilizobinyika kidogo juu ili harufu isitawanyike. Glasi za mvinyo zinafaa kuliko zile ndefu za baa.

Mwanza tuna tatizo letu la pekee, kwamba vyombo vyetu vimezoea samaki. Sahani ya sato na glasi vikioshwa kwenye beseni moja, mafuta ya samaki yanahamia kwenye kioo, na kitambaa cha kufutia kinamalizia kazi. Jioni moja kwangu watu watatu waliandika kwenye karatasi zao "harufu ya ziwa" kwa bia zote tano. Bia hazikuwa na kosa lolote, glasi ndizo zilikuwa na sangara wa mchana.

Osha glasi peke yake, kwa maji ya moto na sabuni kidogo isiyo na manukato, suuza mara mbili au tatu, ziinamishe zikauke zenyewe bila kitambaa. Kupima kama ni safi, lowesha glasi kwa maji, imwage, kisha nyunyizia chumvi ndani. Chumvi ikishika sawasawa kote, glasi ni safi. Ikiacha mabaka, hapo pana mafuta, rudia. Dalili nyingine utaiona baada ya kumimina: vipovu vya gesi vikiganda ukutani mwa glasi badala ya kupanda, kioo kina uchafu. Na mafuta hayo hayo yanaua povu, halafu unamnyima fundi alama kwa kosa la beseni lako.

Hatua ya 4: Joto lake

Turudi kwa swali la mhudumu. Jibu sahihi kwa muonjaji ni katikati, na katikati hiyo inahama kulingana na bia. Laga nyepesi, nyuzi 5 hadi 7. Bia ya ngano na eli, 8 hadi 10. IPA inaweza kupanda kidogo juu ya hapo. Stauti, 12 au 13, ambapo kahawa na chokoleti zinaanza kusema. Ile "ya moto" hasa, ya nyuzi 25 na zaidi, imepitiliza: gesi inatoka kwa fujo na kileo kinapanda puani kabla ya kimea. Lakini ukinilazimisha kuchagua kati ya stauti ya moto na stauti ya barafu, nitakaa upande wa mzee wangu.

Friji ya nyumbani iliyo sawa huwa kama nyuzi 4. Kwenye joto la jioni zetu chupa ya mililita 500 inapanda kwa nyuzi moja kila dakika tatu au nne hivi. Kwa hiyo laga itoe na kuimimina baada ya dakika tano. Eli dakika kumi na tano. Stauti nusu saa. Mwandishi wa meza aandike saa ya kuzitoa, msikisie.

Umeme ukikatika, usiahirishe. Weka chupa za moto kwenye ndoo ya barafu iliyochanganywa na maji. Maji ni lazima, kwa sababu barafu peke yake inagusa chupa sehemu chache tu. Robo saa hivi inatosha kuzifikisha kwenye joto la eli. Barafu ya samaki inapatikana kwa urahisi kwetu na kwa kazi hii ya ndoo inafaa, ila futa chupa vizuri kabla ya kumimina, na kamwe isiingie kwenye glasi.

Hatua ya 5: Ficha majina

Mtu akiona chembe ya nembo anayoipenda, pua yake imeshaamua. Nimeona mtu aliyekunywa bia moja kwa miaka kumi na mitano akiipa alama ya chini kuliko zote pale ilipofungwa gazeti, na akaipandisha alama kumi alipoonyeshwa chupa. Hakuwa mwongo. Macho yanaonja pia.

Kwa hiyo yule asiyekunywa afunge kila chupa kwa gazeti au aziingize kwenye mifuko ya kaki, aziandike namba, amiminie kwenye chumba kingine au upande mwingine wa baraza. Yeye peke yake ndiye mwenye orodha. Mpangilio uwe wa kupanda: nyepesi kwanza, nzito baadaye, uchungu mdogo kabla ya uchungu mwingi, nyeusi mwisho. Ukianza na IPA, laga inayofuata itaonekana maji matupu, na hilo ni dhuluma.

Kuna mtego mmoja mzuri ambao mmiminaji anaweza kuutega bila kuwaambia wengine: amimine bia ya kigezo mara mbili, iwe namba 1 na irudi tena kama namba 3. Muonjaji aliyeipa 36 kwanza na 22 baadaye anahitaji kupumzisha pua, na karatasi yake isomwe kwa tahadhari usiku huo.

Kumimina kwenyewe ni rahisi. Inamisha glasi, bia iteleze ukutani, ikifika nusu isimamishe na umimine katikati ili povu liinuke vidole viwili. Chupa yenye tope la hamira acha kidole cha mwisho ndani, isipokuwa bia ya ngano, ambayo tope lake ni sehemu ya ladha.

Hatua ya 6: Nusa, tazama, onja, kwa mpangilio huo

Kabla ya siku yenyewe, pitia sokoni ununue vitu vidogo vidogo na uvipange kwenye vikombe: karafuu, ganda la chungwa, karanga za kukaanga, kahawa iliyosagwa, ndizi mbivu sana, kipande cha mkate uliobabuka, asali, na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) kama msimu unaruhusu. Kila mtu avinuse kimoja kimoja. Zoezi hili la dakika kumi linafungua pua kuliko maelezo yoyote, maana tatizo letu kubwa mezani ni kukosa neno. Harufu tunaisikia, tunashindwa kuiita. Sukari iliyoungua kidogo ya matobolwa ndiyo hiyo hiyo utakayoikuta kwenye eli za shaba, na mtu aliyekulia Usukumani ataitambua haraka kuliko mtaalamu yeyote kutoka nje.

Sasa glasi imeletwa. Wakati povu bado limesimama, nusa haraka, mara tatu fupi fupi. Harufu nyepesi za hopsi hutoroka ndani ya dakika ya kwanza, kwa hiyo pua inatangulia hata macho. Kisha weka karatasi nyeupe nyuma ya glasi uangalie rangi, kama ni angavu au ina ukungu, na povu linakaa au linakufa. Baada ya hapo funika glasi kwa kiganja, izungushe taratibu, funua, nusa tena kwa kina. Andika. Usiseme kitu. Neno moja la mtu mwenye sauti, "embe!", na meza nzima inaanza kusikia embe.

Kuonja: chukua funda dogo kama kijiko cha mezani, liache litembee mdomo mzima, meza, kisha fumba mdomo utoe pumzi kupitia puani. Pumzi hiyo ya kutoka ndiyo yenye siri, maana sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu inayopanda kutoka kooni kwenda puani. Bia haitemwi kama mvinyo, kwa sababu uchungu wa hopsi unajionyesha vizuri baada ya kumeza. Na ile picha ya shuleni inayogawa ulimi kuwa eneo la utamu, la chumvi na la uchungu haikuwa sahihi. Ulimi wote unaonja yote.

Funda la kwanza ni la kuzoea. La pili, uliza: imeanzaje, katikati ikawaje, imeniacha na nini? La tatu, sikiliza mwili wake. Ni nyepesi kama maji au imekaa kama uji mwembamba? Gesi inachoma au inabembeleza? Kuna ukakasi, ule wa ndizi mbichi unaokausha mashavu?

Naomba neno moja lifukuzwe mezani: "kali". Kwa Kiswahili chetu bia kali inaweza kuwa yenye kileo kingi, au yenye uchungu, au yenye gesi ya kuwasha ulimi, au iliyochachuka. Ni mambo manne tofauti, na fundi ukimwambia bia yake ni kali hajui arekebishe nini. Sema uchungu, sema kileo, sema gesi, sema uchachu. "Inashuka vizuri" nayo iachwe kwa siku nyingine. Meza inataka sababu.

Kati ya bia na bia, maji ya kunywa na kipande cha mkate mkavu au ugali uliopoa usio na chumvi. Karanga na dagaa wasubiri.

Hatua ya 7: Alama 50

Kipimo ninachokitumia ni kile cha majaji wa mashindano ya bia wa Marekani, BJCP, chama kilichoanza mwaka 1985. Jumla ni 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia mdomoni 5, na picha ya jumla 10. Watu hushtuka kuona mwonekano una 3 tu, lakini ni haki. Bia nzuri ya kutazama isiyo na ladha ni mapambo.

Maana ya jumla zenyewe: 45 na kuendelea ni bia ya kipekee, mfano wa mtindo wake. 38 hadi 44, bora sana. 30 hadi 37, nzuri sana yenye dosari ndogo. 21 hadi 29, nzuri lakini imepungukiwa mahali. 14 hadi 20, ina makosa yanayoonekana. Chini ya hapo, kuna tatizo la kweli. Waonjaji wapya hugawa 45 kama karanga. Bia nyingi za kweli unazokutana nazo zitaishi kati ya 25 na 38, na hilo halimtukani mtu.

Pima bia kwa mtindo wake. Laga haipunguziwi alama kwa kuwa haina kahawa, na stauti haikosolewi kwa kuwa haikati kiu. Kwa sababu hiyo mimi huongeza safu moja pembeni ya karatasi: "Nimeipenda?" Ndiyo au hapana. Unaweza kuipa bia 40 na ukaandika hapana. Kutenganisha haki na hamu ndiko kunakufanya uaminike.

Hivi ndivyo karatasi yangu ilivyosomeka kwa eli moja ya shaba iliyotufikia kwa basi, jina lake nalihifadhi:

Harufu, 7 kati ya 12. Ganda la mkate, matobolwa, chungwa kwa mbali. Ikipata joto, siagi inatokea na inakua.
Mwonekano, 3. Shaba inayong'aa, povu la rangi ya maziwa, limekaa dakika tatu.
Ladha, 12 kati ya 20. Imeanza na utamu wa sukari guru, uchungu umeingia katikati kwa utulivu, lakini mwisho siagi imefunika kila kitu.
Mdomoni, 4. Mwili wa kati, gesi ya upole, utelezi kidogo.
Picha ya jumla, 6. Fundi anajua kimea. Hakuiacha hamira imalize kazi.
Jumla kuu 32. Nimeipenda? Ndiyo, glasi ya kwanza.

Wote wakishaandika, ndipo mnazungumza. Karatasi zikipishana kwa zaidi ya alama 7, rudini kwenye glasi iliyobaki muonje tena pamoja, kila mmoja aonyeshe alichokisikia. Hapo ndipo watu hujifunza zaidi. Ruhusa kubadili alama, ila usiibadili kwa sababu tu mwenzako ni mkubwa wako au ndiye mwenye nyumba.

Hatua ya 8: Kutambua makosa

Siagi, au harufu ya bisi zilizopakwa siagi: hamira iliondolewa mapema au ilichoka. Kwenye eli kidogo huvumilika, kwenye laga hapana.

Mahindi ya kuchemsha: mchemsho haukuwa wa nguvu, au ulifunikwa, mvuke ukarudi sufuriani.

Tufaha bichi: bia changa, ilihitaji siku zaidi.

Boksi lililoloa mvua: hewa imeingia, au bia imezeeka, au imekaa kwenye joto. Kwa safari zetu ndefu hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi, na mara nyingi halitoki kwa fundi. Andika tarehe ya chupa na jinsi ilivyosafiri kabla hujalaumu kiwanda.

Uchachu wa siki kwenye bia isiyotakiwa kuchacha: uchafu kwenye vyombo. Ladha ya sarafu: maji au chuma.

Karafuu na ndizi mbivu kwenye bia ya ngano ya mtindo wa Kijerumani ni sifa. Zikitokea kwenye laga, uliza maswali.

Inapendeza kukumbuka kwamba sheria maarufu ya bia ya Bavaria ya mwaka 1516 ilitaja shayiri, hopsi na maji tu. Hamira haikutajwa, kwa kuwa kazi yake haikuwa imeeleweka, na kumbe nusu ya mambo tunayoyanusa leo, mazuri kwa mabaya, ni yake.

Lubisi nayo ipate glasi

Kuna swali ninaloulizwa na wageni, kwamba bia za krafti zimefika lini kanda ya Ziwa. Nawajibu waende Kagera. Lubisi, pombe ya ndizi ya huko, inatengenezwa kwa mikono, kwa kiasi kidogo, na kila mtengenezaji ana mkono wake: ndizi mbivu zinakamuliwa pamoja na nyasi, juisi inachujwa, unga wa mtama uliokaangwa unaongezwa, na vyote vinaachwa vichache kwenye chombo cha mti kilichochongwa kama mtumbwi, kikafunikwa kwa majani ya migomba. Hakuna tofauti ya heshima kati ya kazi hiyo na ya fundi mwenye matangi ya chuma.

Ukipata ya mtu unayemwamini, iweke mwishoni, peke yake, na usiipime kwa karatasi ya laga. Uchachu ni wake kwa haki. Ukungu ni wake. Angalia kama ndizi bado inasikika, kama mtama uliokaangwa unaleta ule ukavu mzuri kama wa ganda la karanga, na kama uchachu unasafisha mdomo au unauma. Inywe siku hiyo hiyo, maana kesho ni kinywaji kingine. Pombe ya kukeneka isiyojulikana ilikotoka, kama gongo, haina nafasi kwenye meza hii. Kuna watu imewaua na wengine imewapofusha.

Baada ya karatasi kukusanywa

Sasa leteni chakula. Laga na sato wa kukaanga wenye ndimu ni ndoa ya zamani. IPA inastahimili pilipili na dagaa waliokaangwa wakakauka. Stauti iweke na nyama ya kuchoma iliyoungua pembeni, au na sangara wa mkaa, uone moshi na kimea kilichokaangwa vinavyosalimiana.

Mmiminaji ndiye afungue magazeti na kutaja majina, moja baada ya jingine, akisoma wastani wa kila bia. Kama mnamfahamu fundi, mtumieni karatasi zote, pamoja na za waliompa chini, zikiwa na tarehe ya chupa, siku ngapi njiani na joto mliloionjea. Yule wa eli ya shaba tulimtumia. Alijibu kwamba pishi lile alikuwa na haraka ya oda, akalitoa kwenye tangi siku tatu mapema. Pishi lililofuata tulilionja mwezi uliopita, gazeti likiwa limefungwa kama kawaida, likapata 39.